Mazingira yapi, mwanangu?

Juzi saa saba usiku za hapa Minneapolis simu ikalia. Kwao Dar tayari ni saa tatu asubuhi, na watu wa nyumbani hawajawahi kuelewa habari ya saa.

"Shikamoo shangazi. Matokeo ya kidato cha sita yametoka, CBG yangu (kemia, baiolojia, jiografia) imenyooka. Nataka kusoma mazingira."

"Marahaba. Mazingira yapi?"

Kimya. Nilimwelewa, maana hata mimi hakuna aliyeniuliza. Chuo nilichosoma huku kilikuwa na fani mbili, majina kama mapacha: masomo ya mazingira na sayansi ya mazingira. Ya kwanza ni sera, sheria, uchumi, insha juu ya insha. Ya pili ni kemia, takwimu na koti la maabara. Marekani wanakuachia uonje kwanza. Vyuo vingi fani unaitaja kufikia mwisho wa mwaka wa pili. Nikakimbilia insha kwa kuogopa hesabu. Nilipoanza kutafuta kazi ya kupima maji ya maziwa, wakataka kemia. Nikarudi darasani, jioni, mihula miwili, kwa pesa yangu. Bado inaniuma.

Yeye hana nafasi ya kuonja. Dar unaomba programu kabla hujaingia, na ndiyo hiyo hiyo. Pale Chuo Kikuu Ardhi kuna uhandisi wa mazingira, ila huo unataka fizikia na hesabu, kwa CBG asahau. Kuna pia sayansi na usimamizi wa mazingira, hapo anaingia. Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, wanayo inayofanana, na misitu pia. Sheria kama anaipenda ni kazi vilevile: tangu Sheria ya Mazingira ya 2004, miradi mikubwa haianzi bila tathmini ya athari, na tathmini haijiandiki.

Akasikiliza, kisha akauliza lake: "Yule anayejua kwa nini mto Msimbazi unaingia mpaka sebuleni kwetu, amesoma nini?"

Nikakaa kitandani. Haidrolojia, nikamwambia, elimu ya mwenendo wa maji, na iko ndani ya kozi hizo, ila usiangalie jina la digrii, angalia orodha ya masomo ya mwaka wa pili na wa tatu.

Nikamtuma achukue futi ya fundi. Pale nyumbani kwao Kigogo alama ya mafuriko ya Desemba 2011 bado ipo ukutani, rangi mbili zimeshindwa kuifuta.

Picha ikaja baada ya dakika tano. Sentimita 127, na kidole gumba cha bibi yake kimeshikilia futi sakafuni.