Kabla hujachagua patholojia, kaa kwanza na kopo la formalini

Ukitaja patholojia, fani ya kutambua magonjwa kwa kuchunguza tishu za mwili, swali la kwanza ni la mochwari. Uchunguzi wa maiti ni sehemu ya kazi kweli, lakini meza ya mwanapatholojia hujaa vinyama, yaani vipande vya tishu, vya watu walio hai: mama mwenye uvimbe kwenye titi, mzee wa tezi dume, mtoto aliyevimba taya. Daktari wa upasuaji anasubiri jibu lako ajue akate kiasi gani, na wa saratani haanzi dawa bila jibu hilo.

Njia ya Tanzania inajulikana: PCB (fizikia, kemia na baiolojia) sekondari, udaktari miaka 5, utarajali mwaka 1, usajili wa Baraza la Madaktari Tanganyika, kisha ubingwa. Muhimbili ubingwa wa patholojia ya anatomia ni miaka 3, na hematolojia na mikrobiolojia zina ubingwa wake. Chuo Kikuu cha Nairobi huunganisha matawi hayo katika shahada moja ya miaka 4. Kwa hiyo kama moyo wako uko kwenye damu au vijidudu, amua kabla ya kujaza fomu.

Wengi huvutiwa na hadubini. Sisi tungekushauri uanzie mbele ya kopo la formalini, dawa ya kuhifadhia kinyama kisioze, kwa sababu slaidi (kioo chenye kinyama kilichokatwa chembamba) mbaya huwa imeharibika zamani, kabla hujaiona. Formalini ya dukani ina formaldehaidi asilimia 37 hadi 40. Huchanganywa sehemu 1 kwa 9 za maji, tena yenye bafa, kemikali inayozuia isigeuke asidi. Isipowekwa bafa hugeuka asidi na kuacha chembe za kahawia nyeusi kwenye sehemu zenye damu, zinazofanana mno na chembe za rangi zinazoachwa na vimelea vya malaria. Mwanafunzi hushangilia malaria ambayo haipo.

Ujazo nao: formalini iwe angalau mara 10 ya kinyama. Huko wilayani titi zima hubanwa kwenye kopo dogo likiwa na vijiko kadhaa vya dawa, likifika linanuka. Formalini huingia takriban milimita 1 kwa saa, na mafuta ya titi huipunguza kasi zaidi, hivyo katikati huoza wakati nje pamekakamaa. Dawa yake ni kulipasua titi vipande vya sentimita 1 hivi mapema, baada ya kutia alama za wino kwenye kingo, na kurekodi saa lilipotolewa mwilini na saa lilipoingia kwenye formalini. Kwa vipimo vya vipokezi vya homoni na vya HER2, protini inayochochea baadhi ya saratani za titi, linatakiwa likae humo kati ya saa 6 na 72. Likipungukiwa muda, kipimo cha homoni kinaweza kutoka hasi kwa uongo, na mgonjwa akakosa tamoxifen, dawa ya kuzuia homoni, ambayo ingemfaa. Hilo ndilo kosa zito kuliko yote, na halionekani kwenye slaidi.

Chupa zenye mdomo mwembamba pia ni balaa. Kinyama kibichi huingia kwa kuteleza, kikishakakamaa hakitoki mpaka uvunje chupa.

Yanayofuata ni kazi ya mteknolojia, ila lazima uielewe ujue wa kumuuliza. Vipande vya milimita 3 hadi 4 hupitishwa kwenye alkoholi inayozidi kukolea, zaileni ya kuondoa alkoholi hiyo, kisha nta ya moto. Hukatwa mikroni 3 hadi 5 na kupakwa rangi za hematoksilini na eosini. Maji yakibaki ndani, nta haiingii na kinyama huvunjika kwenye kisu.

Kusoma kwenyewe ni tabia. Anza na lenzi ya kukuza mara 4, uzunguke slaidi nzima kabla hujakimbilia ya mara 40. Ule mwonekano wa anga lenye nyota wa limfoma ya Burkitt, saratani ya seli za kinga ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza kutoka Uganda mwaka 1958, huonekana vizuri kwa ukuzaji mdogo. Kibofu kutoka Kanda ya Ziwa kitafute mayai ya kichocho: yenye mwiba mwishoni ni ya aina ya haematobium, ubavuni ni ya mansoni. Ukiyaona, tafuta pia saratani ya seli bapa hapohapo. Na fomu isiyo na umri, mahali kinyama kilipotoka wala historia, irudishe. Kubahatisha kwa heshima ya daktari mwenzako si heshima.

Kama huna subira ya kumpigia mtu simu kumwambia kinyama chake hakitoshi, tafuta fani nyingine. Slaidi ikiwa na seli chache zilizopondeka, andika hivyohivyo kwenye jibu, na umweleze wa kuchukua tena aguse ukingo wa kidonda, asichote katikati palipokufa.