Mbwa kambini: kutoka Lubumbashi hadi fukwe za Ziwa Moero

Kwa sisi wa Lubumbashi, msimu wa kwenda porini na mbwa ni mwezi wa tano hadi wa nane. Mvua imekatika, barabara za udongo zimekauka, mito imetulia. Kuanzia mwezi wa tisa joto linapanda na mioto ya pori inawaka kila upande, na mwezi wa kumi si wa kumtembeza mnyama mwenye manyoya mchana. Ila usidanganywe na jua la kiangazi: mwezi wa sita na wa saba, kwenye nyanda za juu, usiku kipimo kinaweza kushuka chini ya digrii 10. Mbwa wa manyoya mafupi ukimlaza juu ya udongo mtupu atatetemeka hadi asubuhi. Turubai chini, blanketi nzito juu yake.

Watu wakipanga safari kama hii huuliza kwanza kuhusu simba na chui. Kwa mbwa, hatari nyingi ziko chini kabisa: kwenye nyasi, kwenye mchanga, kwenye ukingo wa maji. Pua yake inapita sentimita chache juu ya ardhi saa zote, na kila kilichojificha hapo hukutana naye kabla hakijakutana na wewe. Kambi ya mbwa inapangwa kwa kufuata hilo.

Maandalizi yaanze wiki sita kabla. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia umri wa miezi mitatu, na ile ya kwanza huhesabiwa kuwa imeshika baada ya siku 21. Ukimchoma mbwa sindano Ijumaa na kuondoka Jumamosi, umebeba karatasi tu. Achomwe pia chanjo ya mchanganyiko, inayokinga parvo, distempa, homa ya ini na leptospira, kwa sababu vijiji vya njiani vina mbwa wengi ambao hawajawahi kuona sindano, na wako atataka kuwanusa wote. Kitabu cha chanjo chenye mhuri wa daktari wa mifugo kiwekwe kwenye mfuko wa nailoni, pamoja na hati za gari. Na kama ukifika Kasenga, kwenye ukingo wa mto Luapula, unaona ng'ambo inavutia, kumbuka kwamba ng'ambo ile ni Zambia: mnyama havuki mpaka bila kibali cha kuingizwa na cheti cha afya, na hivyo hushughulikiwa ukiwa bado mjini.

Kupe ndio wanaoua mbwa wengi kimya kimya. Vidonge vya kutafuna vyenye fluralaner hufanya kazi wiki 12, vyenye afoxolaner mwezi mmoja. Vyote hutolewa kwa uzito wa mbwa, kwa hiyo mpime kwanza. Mpe wiki moja kabla ya kuondoka, pamoja na chakula. Dawa hizi zinamuua kupe baada ya kuuma, hazimzuii kupanda, na ndiyo maana ukaguzi wa mikono haukwepeki, asubuhi na jioni. Pitisha vidole kinyume cha manyoya: ndani ya masikio, kwenye kope, chini ya ukosi, makwapani, kati ya vidole, chini ya mkia. Ukimkuta kupe, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi na umvute moja kwa moja, polepole, bila kumzungusha. Mafuta ya taa na kiberiti viache. Kupe akichomwa au akibanwa tumboni hurudisha mate yake kwenye kidonda, na vimelea vya babesia, vinavyoharibu damu ya mbwa, viko humo humo kwenye mate.

Njiani, mlo wa mwisho uwe saa nne kabla ya kuwasha gari. Simama kila baada ya saa mbili, na kamba ifungwe kabla mlango haujafunguliwa. Mbwa wengi wanaopotea safarini hupotelea hapo, kwenye mlango wa gari, katika kijiji wasichokijua. Nyuma ya pick-up iliyo wazi si mahali pake. Bati linachoma nyayo, vumbi linaingia machoni, na akiona mbuzi ataruka. Kama hakuna nafasi ndani, awe kwenye kizimba kilichofungwa kwa mikanda, chenye mkeka chini na kivuli juu. Wala usimwache kwenye gari lililofungwa hata dakika ishirini, hata chini ya mwembe. Kivuli hutembea.

Maji ni hesabu ambayo wengi huikosea. Mbwa aliyetulia anahitaji mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Wa kilo 25 anakaribia lita moja na nusu, na kwenye joto na matembezi mahitaji hupanda mara mbili au zaidi. Panga lita nne kwa siku kwa mbwa wa ukubwa huo, kwenye bidoni yake mwenyewe. Usitegemee mito ya njiani. Katika Katanga yetu ya migodi, kijito kinachotoka upande wa mgodi au wa sehemu za kuoshea madini kinaweza kuwa na maji maangavu kabisa huku kimebeba asidi na metali. Ukiona mawe yenye kutu nyekundu au rangi ya kijani-buluu, na majani ya ukingoni yamekauka wakati mengine yako hai, mvute mbwa uondoke.

Mkifika, chagua uwanja ulio mbali na vichuguu vya mchwa, kwa sababu nyoka hupenda mashimo yake, na mbali na njia nyembamba zilizokanyagwa zinazoshuka majini. Fyeka nyasi kavu upana wa mita tano kuzunguka hema. Kisha tengeneza kamba ya mbwa kabla ya kushusha kitu kingine: kamba imara ya mita kumi kati ya miti miwili, kwa urefu wa bega, ikazwe. Pitisha pete ya chuma juu yake, na kwenye pete funga kamba ya mbwa ya mita mbili na nusu. Piga fundo kubwa kwenye kamba ya juu, mita tatu kabla ya kila mti, ili pete isifike kwenye shina na mbwa asijizungushe mpaka akajinyonga. Kamba ishikwe kwenye mkanda wa kifua, usiifunge kwenye ukosi wa shingo. Moto wa kupikia uwe nje kabisa ya duara lake.

Sasa siafu. Mbwa aliye huru huwakimbia. Mbwa aliyefungwa hana pa kwenda, na kundi kubwa linaweza kumuua. Huja usiku kwa safu, bila sauti. Dalili ya kwanza ni mbwa kunyanyua mguu mmoja baada ya mwingine, kulamba vidole kwa haraka, kisha kilio chembamba kisichofanana na kubweka. Ndiyo maana kamba yake ifungwe kwa ndoano au fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja, gizani, kwa mkono mmoja. Kufuli, kamwe. Mfungue, mpeleke ardhi safi mita thelathini mbali, uanze kuwatoa kwa vidole: puani, masikioni, kwenye midomo, kati ya vidole. Kichwa kikibaki kimeng'ata, king'oe nacho. Usipoteze muda kupigana na safu. Majivu ya moto huichelewesha tu. Hamisha mbwa na hema. Usiku mwingine wote alale ndani ya hema lililofungwa zipu, au ndani ya gari madirisha yakiwa yameachwa wazi kidogo. Chui naye anapenda nyama ya mbwa, kwa hiyo kitanda cha nje hakina utetezi.

Matandiko yake yasilale mchangani. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye mchanga au nguo yenye harufu ya mkojo na jasho, na funza wake huingia kwenye ngozi bila mbwa kuhisi. Baada ya siku kadhaa unaona jipu tumboni au miguuni lenye kitundu kidogo katikati, na ukitazama kwa makini kitundu kinapumua. Usilikamue hapo hapo: funza akipasukia ndani, kidonda kinawaka. Paka vaselini nene juu ya tundu, subiri nusu saa au zaidi mpaka funza ajitokeze kutafuta hewa, kisha minya taratibu kutoka pande zote mbili na mtoe mzima. Blanketi ianikwe juani juu ya kamba, isianikwe juu ya nyasi, na mkirudi ipigwe pasi ya moto pande zote.

Penye mbung'o, epuka blanketi na mikanda ya rangi ya buluu au nyeusi, kwa maana rangi hizo ndizo zinazowaita. Mbwa akiumwa nao anaweza kupata ugonjwa wa nagana, unaomkondesha na kumtia homa. Ukiona jicho limeingia ukungu kama wa maziwa, hilo ni la kwenda kwa daktari siku hiyo hiyo.

Neno kuhusu hifadhi. Wengi wanaoelekea kaskazini wanatamani maporomoko ya Lofoi, ndani ya Hifadhi ya Kundelungu iliyoanzishwa mwaka 1970. Maporomoko ni mazuri, na mbwa asiende. Mwaka 1994, virusi vya distempa, vilivyohusishwa na mbwa wa vijijini, viliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti. Katika mapori yetu, ambamo wanyama wamebaki wachache, hatuna akiba ya kuchezea hivyo. Piga kambi nje ya mipaka, kwa ruhusa ya chifu wa kijiji, na wanaotaka kuona maporomoko waende kwa zamu huku mwingine akibaki na mbwa.

Ziwa Moero, mpakani na Zambia, liko chini kuliko Lubumbashi kwa karibu mita 300, na utalihisi joto lake mara tu ukishuka. Fukwe zake za mchanga, upande wa Kilwa na hadi Pweto ambako mto Luvua unatoka, ni nzuri sana kwa macho. Ila mbwa haogelei. Hapa hatuna ushauri wa kati na kati. Mamba wa ziwani na wa Luapula humjua mbwa kama chakula: ni mdogo, anakuja kunywa mahali pale pale kila siku, na akiingia majini anapiga kelele kwa miguu yake. Asikaribie ukingo kwa mita kumi, hata mchana, hata kama watoto wa kijiji wanaoga pale. Kwa kumpoza, chota maji kwa ndoo yenye kamba na ummwagie juu, mbali na ukingo. Vaa viatu vya mpira, maana kwenye maji yenye majani na konokono kuna kichocho, na anayemwoshea mbwa wake humo ndiye anayekipata. Viboko hutoka usiku kula nyasi. Mbwa akimbwekea kiboko kisha akakimbilia kwako, anamleta kiboko kwako.

Mchangani asubuhi utakuta samaki wadogo wameanikwa, eneo pana, mali ya akina mama wanaowauza mjini kwa magunia. Mbwa aliyefunguliwa atakula na kukanyaga kazi ya siku nzima kwa dakika mbili. Kamba fupi, na ukipiga kambi karibu, waulize akina mama wanaanika wapi kesho. Chunguza pia ndoano zenye chambo zilizosahauliwa kwenye nyavu kuukuu. Ikimchoma mdomoni, usiivute kurudi nyuma: isukume mbele mpaka ncha yenye mwiba itoke, ikate kwa koleo, kisha utoe shina. Akiwa ameimeza na uzi unaning'inia mdomoni, usiuvute wala kuukata mfupi. Ufunge kwenye ukosi umwendee daktari.

Kabla ya kutembea mchangani mchana, weka mgongo wa mkono wako chini kwa sekunde saba. Ukishindwa, nyayo zake nazo haziwezi. Joto la kawaida la mbwa ni digrii 38 hadi 39. Likipita 41 viungo vinaanza kuharibika. Ukimwona anahema bila kupumzika, fizi zimeiva nyekundu, anayumba au anatapika, mpeleke kivulini, mmwagie maji ya kawaida tumboni, mapajani na shingoni, umpepee, uendelee mpaka apoe. Halafu ndipo gari liwashwe kuelekea kwa daktari. Taulo mbichi iliyoachwa juu yake hufungia joto ndani, kwa hiyo iondoe.

Nyoka: bafe hulala tuli njiani jioni na hakimbii, na mbwa huumwa usoni au mguuni. Usifunge kamba juu ya jeraha, usichanje, usinyonye. Vua ukosi kwa sababu uvimbe utapanda, mbebe asitembee, ondoka. Swila akimtemea machoni, suuza kwa maji safi yanayotiririka dakika kumi na tano. Maumivu yoyote yawayo, vidonge vyako vya ibuprofeni na parasetamoli vibaki mfukoni mwako, vinaweza kumuua.

Chakula kiwe kile kile cha nyumbani. Bukari (ugali) na samaki aliyetolewa miba ni sawa. Mchuzi wenye kitunguu si sawa, na mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka kuwa vijiti vikali. Choma mabaki au uyafukie mbali.

Mkisharudi, hesabu wiki tatu kwenye kalenda. Babesia huonyesha dalili kati ya siku 10 na 21 baada ya kupe kuuma. Kila asubuhi nyanyua mdomo wake utazame fizi: ziwe za waridi, na ukibonyeza kwa kidole rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Fizi zikififia, mkojo ukiwa wa rangi ya kahawa, au akikataa chakula anachokipenda, mwende kwa daktari wa mifugo asubuhi ile ile, na umwambie alikuwa wapi na lini.