Ndoo ya oili, Goba

Februari 2009 nilikuwa msaidizi wa fundi kwenye mtambo wa kuchimba visima, na siku hiyo tulikuwa Goba, jua la Dar es Salaam likiwa limetuelemea tangu saa nne. Asubuhi bomba la kuchimbia lilizunguka vizuri, lakini ilipofika saa nane mchana likaanza kujikokota. Fundi alikuwa amekwenda kula. Nami, bila kumwuliza mtu, nikachukua spana na kukaza skrubu ya vali ya usalama, ile inayofunguka kuachia oili presha ikizidi, mizunguko miwili kamili. Bomba letu lilizungushwa na mota inayoendeshwa kwa oili ya pampu, nami niliamini kwamba presha ya oili ikipanda mota itaongeza mbio.

Mbio hazikuongezeka hata kidogo.

Mzee aliporudi hakunigombeza. Alininyooshea geji, ambayo mshale wake ulikuwa kwenye bari (kipimo cha presha) 110, palepale ulipokuwa kabla sijagusa kitu. "Kijana, vali hii ilitegwa ifunguke kwenye 150, na hatujafika huko. Presha huletwa na ugumu wa kazi. Udongo ukigoma ndipo inapanda. Ukiitaka mota iwe na nguvu ya kuzungusha, hapo sawa, zungumzia presha. Mwendo ni lita za oili zinazopita ndani ya mota kwa dakika." Akaongeza kwamba kwa mipira ya kupitishia oili iliyochakaa kama yetu, siku udongo ukigoma kweli, mizunguko yangu miwili ingetupasulia mmoja.

Kisha akafungua mpira mwembamba unaorudisha tangini oili iliyovuja ndani ya mota, akauelekeza kwenye ndoo na kunivulisha saa. Katika nusu dakika ziliingia lita 6. Akachuchumaa, akapiga hesabu kwa msumari juu ya tope: mota ile ilikuwa ikinywa mililita 100 kwa kila mzunguko, hivyo lita 40 za pampu kwa dakika zilipaswa kuizungusha mara 400, lita 12 zikipotea, hubaki mizunguko 280. (Fizikia nilifaulu shuleni, lakini sikuwahi kuiona ikitiririka ndooni.) Asubuhi, oili ikiwa bado nzito, uvujaji ulikuwa mdogo, mchana, ikishapata moto na kuwa nyepesi, ilipenya kwenye nafasi zilizolika bila kufanya kazi yoyote.

Kabla mota haijashushwa ipelekwe kwa mafundi wa mtaa wa Gerezani, alinirudishia spana. Nikalegeza skrubu mizunguko miwili, yeye akihesabu kwa sauti.