Pesa ya Mizani na Ngano za Wakusanya Sarafu wa Unguja na Pemba

“Hii ina miaka mia saba, bwana.” Kauli hiyo ni ya kawaida panapouzwa vitu vya kale Mji Mkongwe, na kinachoonyeshwa ni pesa ya shaba ya Sayyid Barghash: upande mmoja maandishi ya Kiarabu, upande wa pili mizani na tarakimu ١٢٩٩. Muuzaji hajabuni kitu. Imeandikwa 1299 kweli. Ila mwaka huo ni wa Hijria, na Barghash alitawala kuanzia 1870 hadi 1888.

Hesabu yake ni nyepesi. Zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97, kisha ongeza 622. Kwa 1299 unapata 1260, ukiongeza 622 ni 1882. Huwezi kukosea zaidi ya mwaka mmoja, na kwa kazi ya kununua sarafu inatosha. Pesa nyingine za Barghash ni za 1304, yaani 1886 au 1887, na hizo zina mtego wake: sifuri ya Kiarabu ni nukta tu. Sarafu ikichakaa, au ikiwa na kutu ya kijani, nukta hiyo hudhaniwa uchafu, na mwaka ukasomeka 134. Ukiupitisha kwenye hesabu ile ile unatua mwaka 752, na hapo pesa ya juzi imeshakuwa ya enzi ya makhalifa wa Abbasia. Kabla ya kuamini mwaka wowote wa tarakimu tatu, chukua lenzi uangalie nafasi iliyobaki katikati ya tarakimu. Pengo kubwa kuliko mengine ni sifuri iliyofutika.

Ngano nyingi za sarafu visiwani zimejengwa namna hiyo hiyo. Mna kitu cha kweli kilichopigwa juu ya chuma, na uongo ukaota pembeni yake. Kwa hiyo mimi sipotezi muda kubishana na msimulizi. Naitazama sarafu.

Mfano mkubwa ni riale ya Sham, ile yenye sura ya Maria Theresa wa Austria. Zote zina mwaka 1780, na kila aliyerithi moja kwenye kidani cha bibi yake huamini kuwa imetengenezwa mwaka huo. Malkia huyo alikufa Novemba 1780, lakini wafanyabiashara wa Bahari ya Sham, Uhabeshi na pwani yetu walikuwa wameshaizoea sura yake na hawakutaka nyingine, kwa hiyo mitambo iliendelea kupiga mwaka ule ule. Vienna iliendelea kuitoa, na katika karne ya 20 zikapigwa pia Rome, London, Paris, Brussels, Bombay na Birmingham. Rome ilianza mwaka 1935, Mussolini alipojitayarisha kuivamia Ethiopia na kuhitaji fedha inayokubalika huko. Riale iliyopigwa Bombay wakati wa vita vya pili vya dunia inasema 1780 kwa uso mkavu kabisa.

Hapo pana ngano mbili ndogo. Ya kwanza ni ile alama ya X baada ya mwaka. Wapo wanaoisoma kama kumi ya Kirumi na kudai kuwa ni toleo la kumi, kwa hiyo adimu. Alama hiyo iko kwenye riale zote za mtindo huu, nzee na changa; ukiikuta haikuongezei kitu, na ukiikosa una sababu ya kuitilia shaka sarafu. Ya pili ni kuhesabu lulu za kwenye bizimu na taji la malkia. Hii ina ukweli: wafanyabiashara wa zamani walizihesabu kweli, kwa sababu riale iliyochakaa hadi lulu hazihesabiki imeshapoteza sehemu ya madini yake ya fedha. Walikuwa wanapima uchakavu. Leo mtu huzihesabu akidhani anapima uhalisi, na nakala ya kumimina iliyotolewa kwenye sarafu halisi huwa na lulu zote.

Uhalisi hupimwa kwa mizani na maji. Riale halali ina gramu 28.07, kipenyo cha takriban milimita 40, na fedha ya 833 kwa 1,000, iliyobaki shaba. Tafuta mizani ndogo ya sonara inayosoma hadi 0.01 ya gramu na kubeba angalau gramu 200. Pima sarafu ikiwa kavu, andika. Weka juu ya mizani kikombe chepesi cha plastiki chenye maji nusu, rudisha namba kwenye sifuri. Ifunge sarafu kwa mshipi mwembamba wa kuvulia, izamishe yote ikining'inia bila kugusa chini wala ubavu, kisha soma namba. Gramu ulizoziona ni sentimita za ujazo wa sarafu. Gawa uzito mkavu kwa namba hiyo, upate gramu za kila sentimita ya ujazo. Riale nzuri hupandisha mizani kwa gramu 2.75 hivi, na jibu ni karibu 10.2. Nakala ya shaba na nikeli yenye umbo lile lile itakuwa na gramu 24 hadi 25, na jibu lake litakuwa 8.9.

Yanayoharibu kipimo hiki ni machache na yanajirudia. Sarafu ikigusa chini, mizani inasoma uzito wake na si ujazo, na namba inaruka ghafla. Mapovu yaliyoganda kwenye nywele za malkia huongeza ujazo na kuifanya fedha safi ionekane mbovu. Tone moja la sabuni ndani ya maji huyaondoa. Uzi wa pamba hunywa maji, ndiyo maana nikasema mshipi. Joto la maji yetu lisikusumbue, linabadilisha jibu kwa chini ya nusu ya asilimia moja. Na tundu la kidani halibadilishi jibu, kwa sababu uzito na ujazo hupungua pamoja. Linachobadilisha ni uzito mkavu tu. Riale nyingi za visiwani zimetobolewa au kulehemiwa pete, kwa hiyo anayezikataa kwa sababu ni nyepesi kidogo anatupa halisi.

Pana hila moja ambayo maji peke yake hayaikamati: mchanganyiko wa risasi na bati unaweza kusogezwa hadi ukafika 10.2. Huo ukamate kwa sikio. Isimamishe sarafu juu ya ncha ya kidole, igonge ukingoni kwa kalamu ya mti. Fedha hulia muda mrefu, risasi hutoa mlio mfupi wa ubao. Lakini riale yenye ufa au lehemu nayo hunyamaza, kwa hiyo usihukumu kwa sauti kabla ya maji. Mwisho tazama ukingo: halisi ina maneno IUSTITIA ET CLEMENTIA na mapambo, yote yameinuka. Nakala ya kumimina huonyesha mstari wa kiungo cha kalibu, au alama za tupa iliyojaribu kuufuta mstari huo.

Sarafu za Sayyid Ali bin Hamud za 1908, zenye mnazi, hazina ngano nyingi. Mwaka wake unasomeka na kila mtu. Zinazokuzwa ni bei tu.

Ngano ninayoipenda ni ya senti yenye tundu ya Edward wa Nane. Mfalme huyo alitawala Uingereza kwa muda usiotimia mwaka mmoja na kujiuzulu Desemba 1936, kabla sarafu zenye sura yake hazijatolewa kwa umma. Chache zilizopigwa kwa majaribio ni mali ya matajiri. Mwaka 2020 paundi moja ya dhahabu yenye kichwa chake iliuzwa kwa paundi milioni moja. Habari kama hiyo ikifika barazani, kila mwenye senti kumi ya 1936 huenda kulifungua kopo la vifungo.

Na jina lipo kweli! EDWARDVS VIII, mwaka 1936, pamezungushwa tundu. Sababu ni hilo tundu. Senti 5 na senti 10 za Afrika Mashariki hazikuwa na nafasi ya sura ya mfalme, zilihitaji jina tu, kwa hiyo hapakuwa na picha ya kusubiri na mitambo ikapiga mamilioni. Mwaka huo huo ndio Zanzibar ilipoiacha rupia yake na kuingia kwenye shilingi ya Afrika Mashariki, kwa kiwango cha shilingi moja na nusu kwa rupia, na senti hizo zikaenea visiwa vyote. Ni kipande cha kuvutia na cha bei ya kahawa. Ukitaka kukipanga vizuri, tafuta herufi ndogo: H ni ya Heaton wa Birmingham, KN ni ya King's Norton.

Kinachoziua sarafu hizi ni ngano nyingine, kwamba iking'ara inapanda bei. Ukwaju, ndimu na majivu vinafaa kwa sinia la shaba, si kwa sarafu. Asidi hula ngozi ya juu, shaba hubaki na rangi ya waridi isiyo na uhai, na mnunuzi anayejua huirudisha mezani bila kuuliza bei. Kama kuna mchanga, loweka kwenye maji ya mvua yenye sabuni kidogo, suuza, kausha kwa kukandamiza kitambaa. Usisugue.

Kwenye rupia ya Mjerumani mambo huacha kuwa ya kuchekesha. Inasemwa kwamba ina zebaki nyekundu, kitu cha kufikirika kinachodaiwa kuwa na thamani kubwa, au kwamba sarafu fulani ya kale inavuta mchele kwa nguvu ya ajabu iliyo ndani yake. Rupia ya Mjerumani ina gramu 11.66 za fedha ya 917 kwa 1,000, kipimo kile kile cha rupia ya Kihindi. Ikizamishwa majini hupandisha mizani kwa gramu 1.13. Hamna nafasi ya zebaki. Ukweli ulioikuza ngano ni kwamba Wajerumani walipiga dhahabu Tabora mwaka 1916, rupia 15 zenye ndovu, na tangu hapo kila kipande cha Mjerumani kinadhaniwa kina siri.

Ule mchezo wa mchele ulishamiri India, mara nyingi kwa sarafu zenye maneno East India Company, mwaka 1818 na picha za miungu ya Kihindu. Kampuni hiyo haikutoa sarafu za namna hiyo. Ni vipande vya kubuni vilivyotengenezwa baadaye. Mchele wa maonyesho huwa umechanganywa na unga wa chuma, na sumaku imefichwa. Leta mchele wako mwenyewe kutoka sokoni, na sarafu italala kimya. Lakini faida ya tapeli haiko kwenye kuuza sarafu, iko kwenye ada ya mtaalamu wa kupima mionzi inayodaiwa kuwa ndani ya sarafu, ada ambayo hulipwa kwanza, kisha ikaongezwa, kisha mtaalamu akaugua.

Zimebaki za hazina. Pujini, kule Pemba, mabaki ya ngome ya Mkama Ndume, mtawala wa zamani wa kisiwa hicho, yamezungukwa na simulizi za mali iliyozikwa na jini aliyewekwa kuilinda. Ukweli wa Pemba ni mtamu zaidi: mwaka 1984 wachimbuaji wa mambo ya kale walipata Mtambwe Mkuu zaidi ya sarafu 2,000 za fedha, vidogo na vyembamba, pamoja na dinari chache za dhahabu. Zile za fedha zina majina ya watawala wa kienyeji na hazina mwaka. Dinari za kigeni zilizokaa nazo ndizo zilizozipa umri, karne ya 11.

Kanuni iliyotumika pale ndiyo inayozima ngano mbili za safari. Kajengwa, karibu na Makunduchi, zilipatikana mwaka 1945 sarafu za Kichina zaidi ya 170, nyingi za enzi ya Song, na hadi leo utasikia kwamba ziliachwa na mabaharia wa Zheng He, amirali wa Kichina. Enzi ya Song ilikwisha 1279. Zheng He alisafiri kuanzia 1405. Sarafu inasema haikuzikwa kabla ya kupigwa, basi. Haisemi nani aliibeba, wala ilizunguka bandari ngapi kwanza. Ya pili ni ya Australia: mwaka 1944 mwanajeshi mmoja, Maurie Isenberg, aliokota kwenye visiwa vya Wessel sarafu tano za Kilwa, na watu wakawatuma Waswahili wa kale Australia kwa jahazi. Kinachoachwa ni kwamba aliokota pia nne za Kiholanzi, za karne ya 17 na ya 18. Kama zilifika pamoja, changa kuliko zote ndiyo inayotoa tarehe, na safari yenyewe inashuka hadi zama za Waholanzi.

Kwa hiyo jembe likigonga sarafu shambani, usiondoe ile nzuri ukauza kwanza. Ile moja yenye mwaka unaosomeka ndiyo inayozipa umri nyingine zote. Ziache zilipo zilivyo, piga picha ukiwa umeweka rula kando, hifadhi hata vigae vya chungu na vipande vya kitambaa vilivyoshikana nazo, na uwaite watu wa Makumbusho na Mambo ya Kale kabla mvua haijanyesha.