Cheni ya taimingi au injini nyingine: kumbukumbu ya mradi wangu

Siku ya 1, kilomita 214,300

Kelele yenyewe ilianza zamani. Kama kopo la misumari linalotikiswa, sekunde mbili tatu za asubuhi injini ikiwa baridi, kisha kimya. Niliizoea kama mtu anavyozoea mlango unaolia. Wiki hii sekunde tatu zimekuwa kumi na tano na taa ya injini imewaka. Mashine ya kusomea hitilafu imetoa P0016, maana yake kompyuta inaona kranki (shafti ya chini inayozungushwa na pistoni) na kemshafti (shafti ya juu inayofungua valvu), ambazo cheni ya taimingi huziunganisha, vimepishana.

Nimewasikilizisha mafundi wawili. Wa kwanza hakufungua hata kifuniko cha oili. "Hiyo imechoka, ndugu yangu. Tafuta injini nyingine, funga, sahau." Wa pili akasema badilisha cheni tu, itanyamaza. Wote wawili wamesikia mlio uleule, dakika zilezile. Ndipo nikaamua nisimfuate yeyote hadi nipime mwenyewe, na kila nitakachopata nikiandike hapa.

Gari ni la petroli, silinda 4, lita 1.8, cheni moja ndefu inazungusha kemshafti mbili. Bodi bado nzuri, giaboksi haijawahi kunisumbua. Kuliuza kama lilivyo sikufikirii.

Siku ya 2

Leo sikushika spana. Nimekaa na kitabu cha matengenezo cha gari.

Watu husema cheni "imevutika", nami nilidhani chuma kinarefuka kama mpira. Sivyo. Kinacholika ni pini na vikombe vidogo ndani ya kila kiungo. Chukua cheni ya viungo 150: kila kiungo kikilika sehemu moja tu ya mia ya milimita, cheni nzima imeongezeka milimita moja na nusu. Urefu huo wa ziada ndio unaochelewesha kemshafti, na kompyuta inalalamika.

Mlio wa asubuhi nao una sababu yake. Tenshena inayokaza cheni inasukumwa na presha ya oili. Gari likilala, oili inashuka, na ukiwasha cheni inapigapiga hadi presha ipande. Sekunde mbili zinaeleweka. Kumi na tano ni kwamba tenshena imefika mwisho wa urefu wake, au presha yenyewe inachelewa kuja. Hayo ni magonjwa mawili tofauti kabisa.

Kranki ikizunguka mara 2 kemshafti inazunguka mara 1. Kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, kila valvu inafunguka mara 25 kwa sekunde moja. Injini hii ni ya zile ambazo valvu na pistoni vinatumia nafasi moja kwa zamu. Cheni ikiruka meno ya kutosha, pistoni inapanda ikikuta valvu bado iko chini, na valvu inapinda. Gari limeegeshwa kuanzia leo. Nitaliwasha kwa ajili ya vipimo tu.

Kuna jambo moja linanisumbua kuliko cheni. Cheni hizi hazina tarehe ya kufa, hulika haraka zikilishwa oili chafu, na mimi kuna kipindi nilipitisha kilomita 15,000 bila kubadilisha. Oili iliyokula cheni ndiyo hiyohiyo iliyopita kwenye beringi za kranki na kwenye ringi za pistoni. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei ya chochote nataka kujua hali ya huko chini.

Siku ya 5

Siku ya vipimo. Nimeanza na presha ya oili. Nimetoa sensa ya presha na kufunga geji ya mshale mahali pake. Injini ikiwa moto, bila kukanyaga mafuta: bar 1.4. Kwenye mizunguko 3,000: bar 3.6. Kwa injini ya umri huu sina la kulalamika. Ila baada ya kuwasha ikiwa baridi mshale umelala sekunde nyingi kabla ya kuamka. Nimeliandika hilo pembeni na alama ya kuuliza.

Kisha kompresheni, yaani presha ambayo kila silinda inaikandamiza. Injini moto, plagi zote 4 nje, mafuta yamezimwa kwa kutoa fyuzi, betri imejaa chaji, pedali ya mafuta imekanyagwa hadi sakafuni. Ukiacha lolote kati ya hayo, namba zako ni uongo. Nimepata hivi kwa psi: silinda ya kwanza 178, ya pili 175, ya tatu 152, ya nne 176.

Hiyo 152 ilininyong'onyeza. Nikamsikia fundi wa kwanza kichwani: tafuta nyingine.

Lakini cheni iliyolika inachelewesha valvu za silinda zote sawasawa, kwa hiyo haiwezi kushusha silinda moja ikaziacha tatu. Silinda ya tatu ina tatizo lake peke yake. Nimemwaga kijiko cha chai cha oili kwenye tundu la plagi na kupima tena. Kama ni ringi, oili inaziba upenyo na namba inaruka juu. Imetoka 152 ikafika 155. Ringi si mshtakiwa.

Nimeazima kompresa na kifaa cha kupima uvujaji. Unapandisha pistoni hadi juu kabisa valvu zikiwa zimefunga, unasukuma hewa, unasoma asilimia inayopotea. Silinda tatu nzuri zimepoteza kati ya asilimia 7 na 9. Ya tatu asilimia 24. Kisha unatega sikio: kwenye tundu la kujazia oili hakuna kitu, kwenye radieta hakuna mapovu, kwa hiyo gasketi ya hedi iko salama. Kwenye bomba la moshi kuna mluzi mwembamba. Valvu ya moshi ya silinda ya tatu haifungi.

Imepinda? Sijui. Nimelala nikiwaza hilo.

Siku ya 8

Kava ya juu imetoka. Chini yake rangi ni ya chai nzito, kwenye pembe kuna uji mweusi ulioganda. Aibu yangu hiyo, sina wa kumsingizia.

Kabla ya kugusa cheni nimepima nafasi ya kila valvu kwa vibati vya geji, injini ikiwa baridi. Kwa valvu za moshi kitabu kinataka kati ya milimita 0.25 na 0.35. Sita ziko ndani ya kipimo. Moja imegota kwenye 0.24. Na moja, ileile ya silinda ya tatu, ina 0.10.

Nilicheka peke yangu. Valvu ikipata moto inarefuka, na ikiwa nafasi ni ndogo hivyo haikai kwenye kiti chake sawasawa. Ndiyo maana inavuja. Dawa yake ni kikombe chembamba zaidi juu ya valvu: kilichopo kina unene wa milimita 5.30, nikiweka cha 5.10 napata nafasi ya 0.30. Na ili kukibadilisha lazima kemshafti itoke, na ili kemshafti itoke lazima cheni ifunguliwe, kazi ambayo nilikuwa naifanya hata hivyo. Kama ningeishia kwenye ile 152 ningekuwa sasa hivi natafuta injini kwa sababu ya kikombe cha chuma.

Tenshena: fimbo yake imetoka karibu yote, imebaki na jino moja. Cheni imekwisha, hilo halina ubishi.

Siku ya 9

Sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Hii ndiyo siku niliyokuwa naiogopa.

Reli za plastiki zinazoongoza cheni mafundi huziita gaidi, na safari hii jina limewakaa. Nusu ya moja nimeikuta mahali pake. Nusu nyingine imo kwenye wavu wa pampu ya oili, imesagwa vipande kama makapi ya karanga, imeshikana na uji mweusi. Karibu theluthi ya wavu imezibwa. Ile alama ya kuuliza ya siku ya 5 imejibiwa hapa: oili nzito ya asubuhi ilikuwa inavutwa kwa shida kupita hapo, tenshena inasubiri, cheni inapiga, inazidi kuikata gaidi, vipande vinazidi kuziba wavu.

Nimekata filta ya oili na kukunjua karatasi yake juani. Nilichokuwa natafuta ni vumbi linalometameta, hasa la rangi ya shaba, maana hilo ni tabaka la beringi. Nimeona masizi na punje za plastiki. Chuma sijakiona.

Sikutosheka. Nimefungua kifuniko cha konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki) ya silinda ya nne, iliyo mbali zaidi na pampu, nikaweka ule uzi laini wa kupimia nafasi iliyopo kati ya beringi na kranki, nikakaza kwa kipimo, nikafungua tena. Uzi umetandazwa hadi kipimo cha milimita 0.05. Mwisho unaoruhusiwa kwenye kitabu ni 0.08. Uso wa kranki ni laini, ukucha haukwami popote.

Siku ya 10

Sasa ndiyo nimeulizia injini nyingine, kwa haki, nisije nikawa nimeshajiamulia moyoni. Iliyopatikana ni ya aina ileile, imetolewa kwenye gari lililogongwa nyuma. Muuzaji anasema imetembea kidogo. Nimemwomba anionyeshe, hana cha kunionyesha. Nikaomba nipime kompresheni, akasema injini iko chini, haina stata. Nikaomba nifungue kava ya juu tu nitazame rangi ya ndani. Hapo akaanza kuwa na wateja wengine.

Bei yake ni kama mara tatu ya seti nzima ya cheni, lakini si bei iliyonigeuza. Hebu fikiria: injini ileile, cheni ya aina ileile, gaidi za plastiki zilezile, na oili ya mtu nisiyemjua. Ningeifunga bila kufungua kava ya mbele? Nisingethubutu. Ningenunua injini, halafu ningenunua cheni, tenshena, gaidi, sili za kranki na pampu ya maji vilevile, na bado chini yake ningekuwa sijui kuna nini. Ya kwangu naijua hadi uzi wa 0.05.

Ningekuta shaba kwenye filta, ningenunua ile injini jioni hiyohiyo. Hali kadhalika kama ile kompresheni ingepanda kwa oili, au kama kranki ingekuwa na mikwaruzo: hapo kufunga cheni mpya ni kumvalisha mgonjwa suti. Sikukuta hata kimoja. Tunatengeneza.

Siku ya 16

Spea zimefika. Nimenunua na gia zake zote, maana meno ya gia ya kranki yamechongoka, na cheni mpya juu ya meno ya zamani hulika haraka. Sampu na wavu vimesafishwa hadi vinang'aa.

Bolti ya puli ya kranki imenichukua saa mbili. Kuna wanaoifungua kwa kuegemeza mpini kwenye fremu na kupiga stata. Mimi nilitafuta kishikio cha puli na bomba refu la kuongezea mpini. Vidole vyangu navipenda.

Siku ya 17

Viungo vitatu vya cheni mpya vina rangi. Kila kimoja kinakaa mbele ya alama ya gia yake. Nimepanga, nimekaza kemshafti kidogokidogo kutoka katikati kwenda nje, nimechomoa pini ya tenshena, nikasikia ikiruka na kukaza. Kisha nikazungusha kranki kwa mkono, taratibu, mizunguko miwili kamili, nikisikilizia kama kuna kinachogota.

Hakuna kilichogota. Ila viungo vya rangi vilikuwa vimehama! Alama za gia zimerudi mahali pake, rangi ziko kwingine kabisa. Nilikaa chini nikashika kichwa, nikaanza kufungua tenshena upya. Bahati nzuri nilihesabu kwanza: idadi ya viungo vya cheni haigawanyiki sawasawa kwa meno ya gia, kwa hiyo rangi hukutana na alama tena baada ya mizunguko mingi sana. Rangi ni za kupangia mara moja tu. Baada ya hapo unaangalia alama za gia peke yake. Kitabu kimelisema hilo, kwa maandishi madogo, ukurasa wa nyuma.

Nimepima valvu tena: 0.30. Na ile ya 0.24 nimeiwekea kikombe chake. Silikoni ya kava ya mbele imewekwa, nimeiacha ikauke usiku kucha.

Siku ya 18

Oili mpya, filta mpya. Fyuzi ya mafuta nje, geji imefungwa, nimepiga stata kwa vipande vifupi hadi mshale ukapanda. Ndipo nikarudisha fyuzi.

Imewaka mara ya kwanza. Kelele sekunde moja hivi, kisha mlio wa injini tu. Nimeizima nikaiwasha tena bila sababu yoyote.

Kompresheni ikiwa moto: 183, 182, 171, 184. Zile tatu nzuri zimepanda kwa sababu valvu sasa zinafunga kwa wakati wake. Silinda ya tatu bado iko nyuma kidogo, nadhani kiti cha valvu kiliungua kiasi katika miaka hiyo ya kuvuja. Nitaipima tena kila ninapobadilisha plagi.

Kilomita 214,850

P0016 haijarudi. Nimemwaga oili baada ya kilomita 500 tu na imetoka nyeusi, kama nilivyotarajia, inaosha uji uliobaki. Nimekata filta: punje mbili za plastiki, chuma hakuna. Nitarudia tena baada ya 2,000.

Kilichobaki ni tone moja la oili kwenye pembe ya chini ya kava ya mbele, upande wa puli, pale ambapo silikoni yangu ilikuwa nyembamba. Linatokea kila baada ya siku mbili. Nimeweka kipande cha karatasi chini ya gari kulihesabu.