Fidia ya kiboko inakwama hapa kwetu kabla ifike Nairobi

Watu wa Dunga, hapa ufuoni Kisumu, mnajua vile viboko wamekuwa. Usiku wanatoka ziwani wanaingia kwa mashamba ya mboga, alfajiri mvuvi akienda kutoa nyavu anakutana nao ndani ya magugu. Na sheria iko, hiyo ya wanyamapori ya 2013, ilianza kutumika Januari 2014, mtu akiuawa familia inafaa kulipwa shilingi milioni 5, ulemavu wa kudumu milioni 3, majeraha mengine hadi milioni 2. Kabla ya hapo kifo kilikuwa 200,000 tu, kwa hivyo hiyo sheria naiheshimu sana. Shida ni kungoja. Mtu anaumia leo, watoto wanafukuzwa shule juu ya karo, na faili bado "inashughulikiwa".

Tangu mjomba wangu aumizwe nimekuwa nikisaidia majirani kufuatilia haya madai, na kile naona ni kwamba tunalaumu Nairobi saa zote na faili ingine hata haijatoka kaunti. Ukishapeleka madai, maofisa wanathibitisha ni mnyama gani, halafu kamati ya kaunti inakaa, inapitia, inapendekeza kwa waziri. Sasa kamati isipokaa? Hakuna kitu inasonga. Marupurupu ya kikao hayajatoka, ama muda wa wanachama umeisha na wengine hawajateuliwa, na mjane yuko nyumbani anangoja simu. Hiyo kamati ipewe kalenda, pesa ya vikao itengwe mapema, na tarehe zibandikwe kwa chifu na kwa ofisi ya BMU, kile kikundi cha kusimamia ufuo wa wavuvi, kila mtu aone.

Halafu makaratasi, jameni. ID inasema jina moja, hospitali imeandika lile jina watu wanamwita ufuoni, abstrakti ya polisi (ile karatasi ya ripoti) iko na herufi ingine tofauti, na hakuna mtu anasema mpaka kamati ifungue faili miezi baadaye ndio irudishwe. Si yule anayepokea fomu aangalie majina hapo hapo kaunta, mtu akiwa bado amesimama mbele yake? Ni dakika chache tu! Apige muhuri wa tarehe, ampe namba ya faili na kopi, na kila hatua itumwe kwa SMS. Mama wa kutoka Nyamware asilipe matatu hadi mjini ndio aambiwe arudi wiki ijayo.

Fidia ya mimea iliyoharibiwa inaniuma zaidi. Nyayo zinafutwa na mvua, na ofisa wa kilimo akikawia, mkulima ataacha shamba likae hivyo mpaka lini na msimu unaisha? Atapanda tu, halafu ushahidi umeenda. Picha za simu zenye tarehe, pamoja na naibu chifu kushuhudia siku hiyo hiyo, zikubaliwe. Na madai madogo ya sukuma na mahindi yawe na njia yake, yasipange foleni moja na vifo.

Madai yakishaidhinishwa ndio sasa tuiulize Nairobi, juu pesa ya bajeti huwa haitoshi madai yote. Hapo nataka orodha itolewe wazi, nani ameidhinishwa lini na nani amelipwa, na walipwe kwa kufuatana hivyo. Wabunge wetu wa huku ziwani, wale wenye wadi zilizo na viboko ama mamba, waiulizie hiyo orodha bajeti ikisomwa.