Naanza na Pua: Nilivyobuni Fremu na Chapa kwa Duka la Miwani

Mteja akinionyesha nembo kwenye simu kabla hajaniambia nani atavaa hiyo miwani, najua kazi itakuwa ndefu. Mzee mmoja mwenye maduka ya miwani Dar es Salaam na Unguja alinijia hivyo. Alikuwa amechoka kuuza fremu zenye majina ya watu, anataka zake. Nembo ilikuwa tayari, imechorwa na mpwa wake: herufi mbili zimepindana, rangi ya dhahabu. Alitaka ikae kwenye mkono wa miwani, tena kubwa, mtu aione akiwa ng'ambo ya barabara. "Mwanangu, wewe nichoree fremu tu. Jina ninalo."

Nikamwomba anipe nafasi ya kukaa dukani kwake Kariakoo kabla sijashika penseli. Hii ni tabia niliyotoka nayo Cadore, milimani kaskazini mwa Italia, ambako vijiji vizima vimeishi kwa kutengeneza miwani na ambako mimi nilifundishwa kushika tupa na msasa. Ufundi wa kule sina ubishi nao. Ila nyuso walizokuwa wakipimia zilikuwa za kwao.

Pale dukani nilikuwa natazama vidole. Mtu anajaribu fremu, anajitazama kwenye kioo, na kabla hajasema neno kidole kimeshaisukuma juu. Akitabasamu, miwani inapanda, maana imekaa mashavuni. Dada muuzaji anaipasha mikono moto na kuikunja zaidi nyuma ya masikio ili ishike. Baada ya siku chache mteja anarudi na kidonda sikioni. Dada wa watu hana kosa, anatibu sikio wakati ugonjwa uko puani.

Ndani ya mkono wa fremu huwa kuna tarakimu, kwa mfano 52□18-140. Ya kwanza ni upana wa lenzi kwa milimita, ya pili ni nafasi kati ya lenzi na lenzi, ya mwisho ni urefu wa mkono. Wengi huichukulia ile ya katikati kuwa ndiyo kipimo cha pua, kumbe haisemi lolote kuhusu mteremko wa pua wala inaanza kuinuka wapi. Fremu mbili zenye 18 zinaweza kukaa tofauti kabisa: moja imechongwa kwa pua nyembamba inayoinuka tangu kwenye nyusi, nyingine kwa pua pana inayoinukia chini zaidi. Fremu za asetati, yaani plastiki ngumu ya kuchonga, zinazojaa madukani kwetu nyingi ni za aina ya kwanza. Za chuma zina nafuu, kwa sababu vile vidude vya puani unavikunja kwa koleo mpaka vitulie. Asetati ilivyochongwa ndivyo itakavyokaa.

Kwa hiyo nilianza kwa kuchonga sehemu ya puani peke yake. Nilichukua mabaki ya asetati, nikayapiga tupa, nikayabandika kwenye fremu tupu na kuwavalisha wafanyakazi, mlinzi, hata muuza kahawa wa nje. Nilishusha mahali fremu inapogusa pua, nikaifungua pembeni, nikaongeza kina kwa nyuma ili lenzi isiguse kope. Bado ukingo wa chini ulikuwa unagonga shavu mtu akicheka. Dawa yake ni kupunguza ule mlalo wa lenzi, yaani ukingo wa chini usielekee sana usoni. Usizidishe lakini, maana miwani itasimama wima kama ubao wa tangazo.

Kila sampuli naitia lenzi, tena za namba kubwa. Fremu tupu haina uzito mbele, hivyo hata ile mbovu itatulia puani. Nikishaitia lenzi namwambia mvaaji apande ngazi hadi ghorofa ya juu, anirudie na jasho lake.

Upana nao una mtego. Njia rahisi ya kuwatosheleza wenye uso mpana ni kukuza lenzi, lakini hapo unamwadhibu asiyeona mbali: lenzi yake huwa nene ukingoni, na kadiri inavyokuwa kubwa kuliko mahitaji ya jicho ndivyo unene unavyotokeza upande wa nje. Nikaiacha kwenye 50□20, mkono 145, upana wa ziada nikautafuta kwenye pembe, pale mkono unapoungana na uso wa fremu.

Muda wote huo Mzee alikuwa ananivumilia tu. Siku aliyouliza, "Na nembo je?" nilimwomba tukae wote tuwatazame wateja wake wa kike wakipita. Mtandio, hijabu, mtandio, ushungi. Unguja ndiyo usiseme. Mkono wa miwani haukuonekana hata mmoja. Akacheka mwenyewe: "Kwa hiyo dhahabu yangu naivisha mtandio?" Nikamwongezea kwamba mkono mnene wenye bati la nembo, ukibanwa na kitambaa kutwa nzima, unaumiza kichwa. Mikono ikawa myembamba.

Chapa ikabidi ihamie mbele, lakini si kwa maandishi. Wayfarer, ile miwani ya Ray-Ban iliyobuniwa na Raymond Stegeman mwaka 1952, unaitambua kwa kivuli chake tu. Na Cyrus Kabiru wa Nairobi, yule msanii anayeunda miwani kwa vyuma na vitu vilivyotupwa, kazi zake hazihitaji nembo ili ujue ni zake. Nami nikatafuta umbo ambalo litafanya kazi hiyo. Niliikata mshazari kona ya juu ya nje, mkato mmoja tu, unaoanzia kwenye uso wa fremu na kuendelea bila kukatika hadi mwanzo wa mkono. Bawaba ikiwekwa kando kwa nusu milimita, mkato unavunjika na jicho linaona papo hapo. Hilo nililitaka makusudi: alama ya chapa ndiyo hiyo hiyo inayokagua kazi ya kiwanda. Vile vipini vya chuma vya mapambo vinavyobandikwa kwenye kona nilivikataa. Zamani vilipita hadi nyuma kushikilia bawaba, siku hizi vingi ni gundi tu.

Rangi sichagui mezani. Asetati nyingi hupitisha mwanga, kwa hiyo rangi ya ngozi iliyo nyuma yake huingia ndani yake. Nilichukua vibao vya rangi nikaviweka juu ya mikono ya watu wazi, weusi kwa maji ya kunde. Ile rangi ya gamba la kasa inayopendwa Ulaya, ukirudi nyuma hatua mbili, juu ya ngozi nyeusi inakuwa nyeusi tu, mabaka yote yamepotea. Tukachagua yenye mabaka makubwa, ya asali. Rangi ya chai ya rangi nayo ikapita, na ile isiyo na rangi kabisa ilimeremeta kuliko nilivyotarajia. Mpwa alileta wazo la kitenge ndani ya asetati. Inawezekana na wako wanaofanya, lakini mimi nimechoka kuona Afrika ikielezwa kwa kitenge kila mara.

Jina lilikuwa jambo fupi. Alitaka la Kitaliano, nikamwambia achague ambalo muuzaji wake atalitamka kwenye simu bila kulirudia. Kilichochukua muda ni usajili, maana alama ya biashara iliyosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa Tanzania Bara, haimlindi Zanzibar. Kule anasajili upya kwa BPRA, wakala wa Zanzibar. Miwani, fremu na kasha zake zote ziko daraja la 9 katika mpangilio wa bidhaa za alama za biashara.

Uzalishaji ulikwenda Shenzhen. Ombi langu kubwa kwao lilikuwa wasifupishe kazi ya mapipa, ambamo fremu huzungushwa na vipande vya mbao na unga wa kung'arisha kwa siku kadhaa. Ukiharakisha hapo, kingo zinabaki kali, na mkato wangu wa kona ungekwaruza.

Dhahabu ya Mzee haikupotea. Iko ndani ya mkono, ndogo, kando ya tarakimu, dada anaiona kila anaposoma saizi. Sasa anataka miwani ya jua, lenzi nyeusi tii. Giza la lenzi hupimwa kwa viwango, na nimemwambia kiwango cha 3 kinatosha kwa jua la pwani, na cha 4 hakifai kuendeshea gari. Anasema nyeusi ndiyo inayouza. Jumatatu tunakutana tena dukani, na sampuli za viwango vyote viwili.